Usiseme huna shamba: tuliyojifunza Kigali kuhusu bustani ya jikoni

Ndugu msomaji, mkazi mwenzangu wa kambi,

Naomba nianze kwa kukueleza aibu niliyoipata kazini, kwa sababu ndiyo iliyozaa makala hii.

Sisi wahamasishaji wa afya tunapita nyumba kwa nyumba na ule utepe wa rangi tatu wa kupimia mkono wa mtoto. Siku moja niliingia katika nyumba ya bibi mmoja anayelea mjukuu wake wa mwaka mmoja na miezi minne. Nilimpima mtoto, utepe ukaonyesha rangi ya njano. Nikaanza somo kama nilivyofundishwa: mtoto ale mboga za majani kila siku, ale vyakula vya kujenga mwili, vya kuleta nguvu na vya kulinda mwili. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Kisha akasema:

“Mjukuu wangu, maneno yako ni mazuri. Lakini hizo mboga nitanunua na fedha gani? Na ninyi kwenu mmepanda wapi?”

Nilinyamaza. Kati ya nyumba yetu na ya jirani kuna nafasi ya hatua mbili tu, na katikati yake unapita mfereji wa maji ya mvua. Hatukuwa tumepanda hata mche mmoja. Nikajibu, “Bibi, hatuna shamba.” Akacheka, akasema, “Basi tuko sawa.”

Ndugu msomaji, tangu siku ile niliona kwamba nafundisha kitu nisichokifanya. Baadaye mimi na wenzangu wachache tulipata nafasi ya kwenda Kigali kuona jinsi wakazi wa mji wanavyofundishwa kulima mboga mahali padogo. Leo nataka nikuletee tuliyoyaona, ili nawe uyajaribu nyumbani kwako.

KWA NINI KIGALI?

Labda utauliza, watu wa mji watatufundisha nini sisi kuhusu kulima? Wengi wetu tulizaliwa na jembe mkononi. Wazee wetu waliacha Masisi, Rutshuru na Kalehe mashamba ya maharage, mihogo na ndizi. Hilo ni kweli. Lakini tulizoea kulima mashamba makubwa, na hapa kambini hatuna. Mtu wa Kigali naye hana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.7 katika mji ule. Wengi wanaishi kwenye miteremko ya vilima, nyumba ikigusana na nyumba, kama sisi. Kwa hiyo fundi wa kulima mahali padogo ni yeye, si mkulima mwenye hekta mbili.

Nchini Rwanda bustani hiyo ndogo inaitwa akarima k’igikoni, yaani kishamba cha jikoni. Si jambo la jana. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa dharura wa kupambana na utapiamlo nchi nzima, na kishamba cha jikoni kikawa moja ya silaha zake. Wanaofundisha ni wahudumu wa afya wa vijiji, wanaoitwa abajyanama b’ubuzima, watu wa kujitolea kama sisi. Mpango wa wahudumu hao ulianza mwaka 1995.

Je, hali imebadilika? Uchunguzi wa afya ya jamii nchini Rwanda ulionyesha kwamba mwaka 2005 watoto 51 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Mwaka 2010 walikuwa 44. Mwaka 2014/2015 walikuwa 38. Mwaka 2019/2020 walikuwa 33, na katika mji wa Kigali peke yake walikuwa 21.

Sitaki kukudanganya kwamba ni bustani tu zilizoleta mabadiliko hayo. Zilisaidiana na chanjo, na bima ya afya, na mpango wa Girinka wa ng’ombe mmoja kwa kila familia maskini ulioanza mwaka 2006, na mambo mengine. Na watu wa mji wana kipato zaidi kuliko wa vijijini. Lakini bustani ni sehemu ambayo wewe na mimi tunaweza kuifanya kwa mikono yetu.

TULIYOYAONA

Tulishuka kituo cha mabasi cha Nyabugogo asubuhi, tukapelekwa wilaya ya Gasabo, katika kituo kimoja cha afya. Nilitegemea kukuta darasa lenye ubao na chaki. Hapakuwa na ubao. Nyuma ya jengo kulikuwa na tuta la mviringo lililopandishwa ngazi tatu kama keki ya harusi, limezungushiwa mawe. Ngazi ya chini kulikuwa na kabichi, ya kati karoti na betirave, ya juu vitunguu. Kando yake magunia manne yamesimama, yametoa mchicha kila upande.

Akina mama walioleta watoto kupimwa uzito ndio waliokuwa wanafunzi. Walipomaliza kupima hawakuenda nyumbani. Kila mmoja alipewa kazi: huyu kuchota udongo, huyu kuvunjavunja samadi, huyu kutoboa gunia. Mhudumu alisema maneno machache sana. Mama akikosea, mwenzake alimsahihisha. Baada ya hapo mboga zilichumwa pale pale, zikapikwa katika chungu kimoja pamoja na viazi vitamu, maharage na dagaa wa kusaga, na watoto wakalishwa kabla ya kuondoka.

Huko vijijini na mitaani wana utaratibu kama huo uitwao igikoni cy’umudugudu, yaani jiko la kijiji. Wazazi wanakusanyika, kila mmoja analeta alichonacho, huyu karoti mbili, huyu kikombe cha maharage, huyu kuni, wanapika pamoja na watoto wanapimwa siku hiyo hiyo.

Tuliambiwa pia habari za shirika la Gardens for Health International, lililoanzishwa mwaka 2007 na lililokuwa na shamba lake la mafunzo huko Ndera, Gasabo. Mwanzoni lilifanya kazi na vyama vya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kwa sababu dawa bila chakula zinamtesa mgonjwa. Baadaye likashirikiana na vituo vya afya. Mama aliyekuja na mtoto mwenye utapiamlo hakupewa chakula cha dawa tu na kurudi nyumbani. Alifundishwa wiki baada ya wiki kulima na kupika, akapewa na mbegu za kuanzia. Maana mtoto akitibiwa akarudishwa kwenye sufuria ile ile isiyo na mboga, ataugua tena.

Mimi hapo ndipo nilipoelewa kosa langu kwa yule bibi. Nilimletea maneno bila mche.

ANGALIZO: UDONGO NA MAJI

Kabla sijakueleza jinsi ya kutengeneza gunia, kuna jambo Kigali walilolipata kwa njia ngumu. Mabonde ya mji ule yana maji mwaka mzima, na watu walilima humo mboga, viazi vitamu na magimbi. Lakini maji ya viwanda, magereji na mitaro huteremkia huko huko. Watafiti waliopima bonde la Nyabugogo, waliotoa matokeo yao mwaka 2011 na 2013, walikuta madini mazito kama risasi. Sumu hiyo huioni kwa macho, haina harufu, na kuosha mboga hakuiondoi ikishaingia ndani ya mmea.

Kwa hiyo shika haya:

- Usichukue udongo mahali palipomwagwa mafuta ya gari, betri za redio au tochi, au takataka zilizochomwa.
- Usichukue udongo karibu na vyoo wala kwenye mtaro wa maji machafu.
- Usitumie kinyesi cha binadamu kama mbolea. Kinaleta minyoo na kipindupindu.
- Maji ya kuoshea vyombo au mboga yanafaa kumwagilia, ila yamwage kwenye udongo, si juu ya majani. Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya klorini ya kufulia usiyatumie.

JINSI YA KUTENGENEZA BUSTANI YA GUNIA

Tuta la mviringo ni zuri, lakini wengi wetu hatuna nafasi yake. Kwa hiyo nakufundisha gunia. Wakimbizi wenzetu huko Kenya, katika kambi za Dadaab na Kakuma, walilima magunia kama haya tangu miaka ya 2000, mahali ambapo jua ni kali kuliko hapa kwetu. Na katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi familia nyingi zililima hivyo hivyo baada ya ghasia za mwanzo wa mwaka 2008.

Utahitaji: gunia moja la kusuka la kilo 50, kopo kubwa la mafuta lililokatwa juu na chini, kokoto za kujaza ndoo moja au mbili, udongo, na samadi iliyooza. Usitumie mifuko laini ya plastiki. Haidumu, na nchini Rwanda imepigwa marufuku tangu mwaka 2008.

1. Chagua mahali panapopata jua angalau nusu ya siku. Mahali hapo pawe sawa, gunia lisije likaanguka likamwumiza mtoto.

2. Changanya udongo makopo matatu kwa samadi kopo moja. Udongo ukiwa mzito wa kunata, ongeza mchanga kidogo. Samadi iwe imeoza kabisa, nyeusi, haina joto wala harufu kali.

3. Kunja mdomo wa gunia kwa nje. Weka kokoto chini, kimo cha kiganja.

4. Simamisha kopo katikati, ulijaze kokoto. Zungushia udongo mpaka ufike mdomo wa kopo. Sasa vuta kopo juu polepole, kokoto zibaki. Lijaze tena, zungushia udongo tena. Endelea hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo mfereji wa maji. Bila nguzo, maji yanabaki juu na mimea ya chini inakufa kwa kiu.

5. Mwagilia, uliache siku mbili au tatu udongo ukae vizuri.

6. Toboa matundu ubavuni, upana wa vidole viwili, yaachane kiganja kimoja. Usiyapange mstari mmoja kwenda chini, yapishane. Gunia moja linaweza kubeba miche 20 hadi 30 ubavuni, na mingine michache juu.

7. Panda miche jioni, jua likiwa limepoa. Sukuma mizizi ndani taratibu, kisha bana udongo kwa kidole.

8. Mwagilia asubuhi na jioni wakati wa kiangazi, ukimimina kwenye nguzo ya mawe. Lita tano kwa siku zinatosha kuanzia. Wakati wa mvua angalia kwanza: ingiza kidole kwenye udongo, ukiona unyevu acha.

MAKOSA YANGU MAWILI

Usifikiri niliporudi Kigali nilifanikiwa mara moja. Gunia langu la kwanza lilikufa lote.

Kosa la kwanza, nilikuwa na haraka. Nilichukua samadi ya mbuzi ya siku ile ile kwa jirani. Siku ya nne miche ikawa ya manjano, siku ya saba ilikuwa imelala. Samadi mbichi ina joto, inaunguza mizizi. Iache iive wiki sita mpaka nane, imefunikwa kwa majani ya migomba au nyasi, na uigeuze mara kwa mara.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Ili kuokoa nafasi niliegemeza gunia kwenye ukuta wa nyumba. Nyumba zetu ni za udongo. Baada ya wiki mbili mama aliona ukuta umelowa na umeanza kumomonyoka chini. Alinisema mbele ya majirani, na alikuwa na haki. Nililihamisha gunia usiku ule ule kwa msaada wa kaka yangu, tukakarabati ukuta kesho yake. Kwa hiyo, tafadhali, weka gunia hatua moja kamili kutoka ukutani, wako au wa jirani, na chimba kijifereji kidogo cha kuelekeza maji kwenye mtaro.

Gunia la pili liliota. Wiki ya nne tulikula mchicha wa kwanza.

TUPANDE NINI?

Panda kile familia yako inakula. Usipande kitu kwa sababu umekiona kwa mtu.

Mchicha, yaani lengalenga, ambao Wanyarwanda huuita dodo, ndio wa kuanza nao. Baada ya wiki tatu hadi nne unachuma. Chuma majani, acha shina, litatoa tena.

Sukuma wiki inachelewa kidogo lakini inakuhudumia miezi mingi. Chuma majani ya chini kwanza.

Mgagani, ambao Wanyarwanda huuita isogi, una uchungu wake, lakini wazee wanaupenda na unavumilia jua.

Vitunguu vya majani panda juu ya gunia. Harufu yake inafukuza baadhi ya wadudu.

Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vinahitaji tuta dogo au gunia fupi pana. Vina vitamini A nyingi, na majani yake, matembele, pia ni mboga.

Ukipata nafasi ya mstari mmoja pembeni, panda maharage ya kupanda juu ya mti. Uliza mbegu za maharage yenye madini ya chuma kwa wingi. Aina za kwanza ziliidhinishwa hapa Rwanda mwaka 2010.

Karoti haifai ubavuni mwa gunia kwa sababu mzizi wake unataka kwenda chini. Iweke juu.

Mvua zetu zina nyakati mbili, kuanzia Septemba hadi Desemba na kuanzia Februari au Machi hadi Mei. Andaa samadi yako mwezi Julai, ili mvua ya Septemba ikukute tayari. Kiangazi cha Juni hadi Agosti usiache kabisa, punguza tu idadi ya miche iendane na maji uliyonayo.

Ukiona vidukari, wale wadudu wadogo wanaojibana chini ya majani, nyunyizia majivu makavu asubuhi kukiwa na umande, au uwafute kwa mkono. Usinunue dawa ya wadudu kwa kipimo cha kopo bila kujua jina lake. Gunia liko mlangoni, na watoto wanachezea hapo hapo.

MBOGA IFIKE KWENYE SAHANI YA MTOTO

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunalima vizuri, kisha mboga tunauza yote, au tunaichemsha mpaka inapoteza rangi na maji yake tunayamwaga. Au baba anahudumiwa kwanza, mtoto anapata mchuzi.

Wakumbuke hawa kwanza: mtoto wa miezi 6 hadi miaka miwili, mama mjamzito na mama anayenyonyesha. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu, bila maji wala uji. Akifika miezi sita, ndipo bustani yako inaanza kumhusu.

Osha mboga kwa maji safi kabla ya kuikata, si baada. Pika kwa muda mfupi, sufuria ikiwa imefunikwa. Sombe ndiyo peke yake inayohitaji kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu, kwa sababu majani ya mihogo mabichi yana sumu.

Weka mafuta kidogo au karanga za kusaga. Bila mafuta mwili haupokei vizuri vitamini A iliyomo kwenye majani na viazi.

Ongeza nyanya au kamulia limau, vinasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yanayozuia upungufu wa damu. Chai usinywe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia madini hayo. Inywe baadaye.

Kwa mtoto, ponda pamoja kiazi, maharage, mchicha na sambaza wa kusaga ukiwapata. Kikombe cha hao wadogo wa Ziwa Kivu kinatosha siku nyingi ukiwasaga unga. Chakula kiwe kizito, kisianguke kutoka kwenye kijiko kama maji.

BUSTANI HAITOSHI

Ndugu msomaji, nataka tuelewane. Gunia moja halishibishi familia. Unga, maharage na mafuta bado vinatakiwa. Sote tunakumbuka Machi 2021, WFP ilipopunguza mgao wa wakimbizi nchini Rwanda kwa asilimia 60 kwa kukosa fedha. Mtu akikwambia kwamba mchicha utaziba pengo kama lile, mkatalie kwa heshima. Mboga zinaleta vitamini na madini, hazileti nguvu ya kutosha.

Hata hivyo, pale fedha za chakula zinapopungua, kitu cha kwanza tunachokiacha sokoni ni mboga. Tunanunua unga kwanza, na ni haki. Gunia linakusaidia hapo: lile fungu la mboga usiloweza kununua unalichuma mlangoni.

Na jambo la pili. Bustani si dawa ya mtoto aliyekwisha kuugua. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kumbuka vipimo vya utepe:

- Kijani, sentimita 12.5 na kuendelea: endelea vizuri.
- Njano, sentimita 11.5 hadi chini ya 12.5: mlete kliniki wiki hiyo hiyo aandikishwe kwenye lishe ya nyongeza.
- Nyekundu, chini ya sentimita 11.5: mlete leo, usisubiri kesho.

Miguu yote miwili ikivimba, na ukibonyeza kidole kinaacha shimo, mlete leo hata kama utepe ni wa kijani.

MASWALI MNAYOTUULIZA

Sina fedha za mbegu. Nifanyeje?
Mchicha mmoja ukiachwa ukomae unatoa mbegu za mtaa mzima. Muulize jirani mwenye gunia. Sukuma wiki inapandwa pia kwa machipukizi ya pembeni. Matembele yanapandwa kwa kukata shina.

Maji ya bombani tunapanga foleni. Nitamwagiliaje?
Tumia maji ya kuoshea mboga, mchele na vyombo. Funika udongo wa juu kwa nyasi kavu ili usikauke haraka. Wakati wa mvua weka jerikani chini ya bati.

Kuku na mbuzi wa majirani wanakula.
Zungushia vijiti au chandarua kilichochakaa kabisa. Chandarua kizima ni cha kitandani, si cha bustani.

Watoto wa mtaa wanaiba mboga.
Hilo pia tuliliuliza Kigali. Mama mmoja alitujibu kwamba alimaliza wizi siku alipowapa watoto wale gunia lao wenyewe.

Mimi ni mwanamume. Hii si kazi ya wanawake?
Kaka, kujaza gunia kunataka nguvu. Na mtoto ni wa nani?

NIMERUDI KWA BIBI

Niliporudi kwa yule bibi sikuwa na daftari. Nilibeba gunia, kopo na miche 12. Nilikaa chini, tukajaza pamoja. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba nilikuwa nabana udongo kupita kiasi. Alisema, “Mizizi nayo inahitaji kupumua.” Hilo Kigali hawakutuambia.

Mjukuu wake alikuwa ameandikishwa kliniki na akapata lishe ya nyongeza, na hiyo ndiyo iliyomwinua kwanza. Lakini wiki zile alipomaliza kupewa, bibi alikuwa tayari anachuma. Mara ya mwisho nilipompima utepe ulikuwa kijani. Nitampima tena mwezi ujao, kwa sababu kijani cha leo si ahadi ya kesho.

Sasa katika kichochoro kile kuna magunia matano. Mimi nimeweka moja tu. Mengine manne yamewekwa na majirani wa bibi, na aliyewafundisha ni yeye.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu msomaji, usisubiri semina. Wiki hii tafuta gunia moja, anza kuivisha samadi. Ukikwama, muulize mhamasishaji wa mtaa wako akuonyeshe gunia lake. Na kama hana, mwulize swali alilonifanyia bibi: “Na ninyi kwenu mmepanda wapi?”

Kinga ni bora kuliko tiba.

Ni mimi, mhamasishaji wa afya, mkazi mwenzako.